Kampuni ninakofanyia mafunzo inaomba sauti za wazee nilizorekodi nyumbani

BARUA

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni binti wa Kitanzania, mzaliwa wa Tanga, ninayesoma shahada ya uzamivu katika sayansi ya kompyuta nchini Marekani. Utafiti wangu unahusu namna ya kuifundisha kompyuta kutambua usemi wa lugha ambazo data yake ni kidogo, na nimechagua Kiswahili, hasa lahaja za mwambao ambazo programu zilizopo huzisikia vibaya. Naomba usitaje jina langu, la chuo changu wala la kampuni nitakayoieleza hapa chini, kwa kuwa watu wa fani hii ni wachache na tunajuana.

Kiangazi hiki nimepata nafasi ya mafunzo kwa vitendo ya wiki 12 katika kampuni ya utafiti wa teknolojia iliyoko California. Nafasi hizi wanafunzi wa uzamivu huzigombea sana, kwa sababu malipo yake yanazidi kwa mbali posho ya chuo, kompyuta zao zina nguvu ambayo maabara zetu hazina, na anayefanya vizuri mara nyingi huitwa arudi akishahitimu. Barua ya kukubaliwa ilipofika, mama alinipigia simu akilia kwa furaha, na kufikia kesho yake mtaa mzima ulikuwa umeshajua. Tangu nianze kulipwa nimemlipia ada mdogo wangu aliye chuoni Dodoma, na nyumba ya mama imeezekwa bati jipya upande uliokuwa unavuja. Nayaeleza haya ili ujue kwamba uamuzi ninaokuomba unisaidie kuufikiria haunihusu mimi peke yangu.

Kwa ajili ya tasnifu yangu niliwahi kurudi nyumbani kurekodi mazungumzo ya wazee wa vijiji vya pwani, kusini mwa mji wa Tanga kuelekea Pangani, wanakozungumza Kimtang'ata. Wengi walikuwa wavuvi, na wengine akina mama waokotao pweza maji yakitoka. Nilikuwa na kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, na idhini ya kamati ya maadili ya chuo changu, na mwenyekiti wa kijiji alinipeleka nyumba kwa nyumba. Fomu ya ridhaa niliwasomea kwa sauti wale wasiojua kusoma, nao wakatia dole gumba. Fomu hiyo inasema kwamba sauti zitatumika kwa masomo yangu na kwa utafiti wa chuo. Mzee mmoja, aliyekuwa akisuka dema, mtego wa samaki, barazani kwake, alisimamisha mikono akaniuliza: "Sauti yangu hii itakwenda kukaa wapi?" Nilimjibu kwamba itakaa kwenye kompyuta ya chuo, na kwamba watakaoisikiliza ni mimi na walimu wangu. Akaridhika, akaendelea kunieleza kwa nini maji ya bamvua, yanayojaa na kutoka kwa nguvu, hayafai kwa mtego wake na ya mafu, yaliyo tulivu, yanafaa, na ndiyo mazungumzo mazuri kuliko yote niliyonayo.

Msimamizi wangu hapa kampuni ni mtu mwema, hajawahi kunikaripia, na alinichagua baada ya kusoma makala niliyoandika kuhusu rekodi hizo. Timu yetu imegundua kwamba modeli yao, yaani programu inayojifunza kutokana na sauti inazopewa, inakosea vibaya inaposikiliza Kiswahili cha mazungumzo cha pwani. Hivi karibuni aliniuliza, kwa upole kabisa, kama naweza kuzileta rekodi zangu ili modeli ifundishwe nazo. Alisema tukifanya hivyo tutapata matokeo ya kuandikia makala, mimi nikiwa mwandishi wa kwanza, na akaongeza kwamba kazi ya namna hiyo hukumbukwa wakati wa kuajiri. Mwisho wa mwezi tuna kikao cha kupanga mwelekeo wa muda uliobaki, na anatarajia jibu langu.

Nilipotia saini mkataba niliziorodhesha rekodi hizo katika sehemu ya kazi nilizokuwa nazo kabla ya kujiunga na kampuni, kwa hiyo naamini ni zangu na nina haki ya kuzitumia nitakavyo. Profesa wangu nilimwandikia, akanijibu kwa mistari miwili kwamba nifuate taratibu na kwamba ataheshimu uamuzi wangu. Rafiki yangu mmoja Mkenya ananiambia nisipoteze bahati, kwa kuwa wenzangu wanatafuta data ya namna hiyo hawaipati. Mwingine amenitumia ujumbe kwamba nikizitoa nitakuwa nimewauza wazee wa watu, na tangu siku hiyo sijampigia simu.

Nikikataa, naogopa kuonekana mtu asiye na ushirikiano, nikose ajira na pengine niharibu hata viza yangu. Nikikubali, sijui nitarudi vipi kwenye ile baraza. Na liko jambo la tatu linaloniumiza kuliko haya mawili. Mama yangu mdogo hajui kusoma. Simu yake ingemwelewa anapozungumza, angepata mambo mengi ambayo leo anamsubiri mjukuu atoke shule amsomee. Huenda nikijifanya mlinzi wa wazee, nitakuwa ninawanyima watu kama yeye kitu ambacho ni mimi pekee ninayeweza kuwaletea.

Nisaidie kufikiri, Mama.

Binti wa Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako taratibu, na kabla ya lolote napenda ujue kwamba sioni ndani yake mtu mwenye tamaa wala mtu mwoga. Naona mtu aliyebebeshwa mambo mengi kwa wakati mmoja: riziki ya nyumbani, neno alilowapa wazee, mustakabali wa kazi yake, na mapenzi ya kweli kwa lugha yake. Umeyakusanya yote katika swali moja, la kuzitoa rekodi au kutozitoa, na nadhani ndiyo maana usingizi unakukimbia. Naomba tuyatenganishe, kwa kuwa baadhi ni madogo kuliko unavyoyaona, na liko moja ambalo ni kubwa kuliko ulivyoliandika.

Tuanze na viza, kwa sababu hofu ya viza huwafanya wanafunzi wetu wengi ughaibuni wakubali mambo ambayo wangeyakataa wakiwa kwao. Ukiwa na viza ya F-1, ile ya wanafunzi, kinachokuweka Marekani ni usajili wako chuoni. Ruhusa ya kufanya mafunzo haya kama sehemu ya masomo hutolewa na chuo, nayo huandikwa kwenye I-20, fomu ambayo chuo humpa mwanafunzi wa kigeni, pamoja na jina la mwajiri. Kutofautiana na msimamizi kuhusu data ipi itumike hakuigusi ruhusa hiyo. Hata kama mafunzo yangekatishwa, jambo ambalo barua yako hainipi sababu ya kulitarajia, ungerudi kuwa mwanafunzi kama ulivyokuwa. Usinitegemee mimi peke yangu katika hili. Nenda kwa ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chako kabla ya kikao, waeleze hali yako, ili uingie kwenye mazungumzo hofu hii ikiwa imekwisha kupimwa.

Kuhusu ajira, naomba uyaangalie upya maneno ya msimamizi wako. Alisema kazi ya namna hiyo hukumbukwa. Hakusema kwamba usipoleta rekodi hutakumbukwa, ingawa moyo wako umeyasikia hivyo. Mtu anayemsimamia mwanafunzi kwa kiangazi kizima humwandikia tathmini juu ya namna anavyofikiri, anavyopima matokeo yake, na anavyosema ukweli jambo linapokwama. Mwaka 2017 ilitoka makala iliyoanzisha muundo wa transfoma, ambao akili mnemba ya leo imejengwa juu yake. Mmoja wa waandishi wake wanane, Aidan Gomez, alikuwa bado mwanafunzi wa shahada ya kwanza wa Chuo Kikuu cha Toronto aliyekuwa katika mafunzo kwenye maabara ya Google. Data waliyoitumia zaidi ilikuwa ya tafsiri, iliyokuwa wazi kwa kila mtafiti. Siahidi kwamba nawe utapata bahati kama yake. Ninachotaka ujiulize ni kama thamani yako kwa kampuni hiyo iko kweli ndani ya diski yenye sauti za wazee, au iko katika kile unachokijua. Maana ikiwa ni diski tu, basi utakapoondoka wiki 12 zikiisha wao watakuwa wamebaki nayo.

Sasa nije kwenye mkataba. Ulifanya vyema kuziorodhesha rekodi hizo kama kitu kilichokuwapo kabla. Hata hivyo, mikataba mingi ya aina hii ina kifungu kingine kinachosema kwamba ukiingiza kazi yako ya awali ndani ya bidhaa au utafiti wa kampuni, unakuwa umeipa kampuni leseni ya kuitumia daima, isiyofutika. Usome mkataba wako ukitafuta kifungu hicho. California ina sheria, kifungu cha 2870 cha sheria zake za kazi, inayomlinda mfanyakazi asinyang'anywe uvumbuzi alioufanya kwa muda wake na kwa vifaa vyake, lakini ulinzi huo una mipaka pale uvumbuzi unapohusiana na shughuli za mwajiri, na wala haukuandikwa kwa ajili ya kitu ulichokileta mezani kwa hiari yako. Chuo chako kina wanasheria wanaoshughulikia mikataba ya utafiti na makampuni, nao wataielewa lugha hiyo kuliko wewe na mimi.

Lakini hapa ndipo ninapotaka tukae zaidi. Unasema rekodi ni zako na una haki ya kuzitumia utakavyo. Nakuomba kwa upole ulitafakari tena. Katika vyuo vingi vya Marekani, data iliyokusanywa chini ya utafiti wa chuo huhesabiwa kuwa ya chuo. Kamati ya maadili iliidhinisha matumizi fulani, na matumizi mapya yanahitaji idhini mpya. Hapa nyumbani tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ambayo inataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo lililokusudiwa zilipokusanywa, na ambayo imeweka masharti ya kuzisafirisha nje ya nchi. Sauti ya mtu anayejitaja jina, anayemtaja babake na kijiji chake, ni taarifa zake binafsi. Profesa wako aliposema ufuate taratibu, huenda alikuwa anakuonyesha mambo haya yote kwa mistari miwili. Ungekuwa na haki kabisa ya kumrudia na kumwomba akae nawe saa nzima, kwa kuwa kibali hicho cha chuo kinamhusu yeye pia.

Tuseme basi sheria zote zimekaa sawa. Bado yupo yule mzee wa dema. Alikuuliza jambo mahususi ukamjibu jambo mahususi, na juu ya jibu hilo akaamua kuendelea kuzungumza. Rafiki yako amekuambia kwamba utawauza wazee, na naona neno hilo limekuchoma kiasi cha kuacha kumpigia simu. Mimi sitalitumia, kwa sababu linakuhukumu kwa jambo ambalo hujalifanya. Ila nitakuambia ninachokiona: wewe na rafiki yako huyo, na yule Mkenya pia, mnabishana juu ya kile ambacho wazee wangekitaka, na hakuna hata mmoja wenu aliyewauliza. Wewe unadhani labda watakasirika. Rafiki yako ana hakika kwamba wangekataa. Inawezekana mzee yule akisikia kwamba wajukuu wa Wamtang'ata wataweza kuzungumza na simu na simu ikawaelewa, aseme chukua, mwanangu, tena nitakupa na nyingine. Inawezekana vilevile aseme hapana bila kutoa sababu, au akuulize watalipwa nini, na kila moja kati ya hayo ni jibu la mtu mzima mwenye akili timamu juu ya kitu chake.

Ukiamua kuwauliza, itakubidi uwaeleze jambo gumu, nawe unalijua kitaalamu kuliko mimi. Faili la sauti likiwa kwenye kompyuta ya chuo, mtu akibadili mawazo mwakani unaweza kulifuta. Modeli ikishafundishwa kwa sauti hiyo, kuiondolea ilichojifunza kwa mtu mmoja ni kazi ngumu sana, na makampuni hayawezi kuiahidi kirahisi. Kwa hiyo ridhaa utakayoiomba ni ya jambo lisilorudi nyuma, nao wanastahili kulisikia hivyo kwa Kiswahili chao, bila haraka. Waeleze pia kwamba siku hizi programu zinaweza kuiga sauti ya mtu kwa kusikiliza sehemu fupi tu ya maneno yake. Wanazijua zile meseji za "ile hela itume kwenye namba hii". Wengi wameshazipokea, na wapo walioliwa fedha zao. Watataka kujua kama sauti zao zinaweza kuangukia mikononi mwa watu wa namna hiyo. Sisemi kampuni yako itafanya hivyo. Nasema swali litaulizwa barazani, na unapaswa uwe na jibu unaloliamini mwenyewe.

Hili la kuwauliza lina gharama zake. Idhini mpya ya kamati huchukua muda, mwenyekiti wa kijiji ana shughuli zake, baadhi ya wazee huenda wamefariki na itabidi uwaendee watoto wao, na ridhaa ya simu kupitia kipaza sauti cha mtu mwingine si sawa na ridhaa ya mtu mliyekaa naye mkeka mmoja. Ni vigumu kuona jambo hilo likikamilika kabla kiangazi hakijaisha. Huenda makala unayoahidiwa isiandikwe mwaka huu. Hiyo ni hasara ya kweli, na sitaki uipokee kana kwamba ni kitu kidogo.

Iko njia ya kati ambayo sijui kama umeifikiria. Timu yako ina tatizo la modeli kukosea, na tatizo hilo lina pande mbili: kupima kosa na kulirekebisha. Kupima hakuhitaji modeli ifundishwe kwa sauti hizo. Chuo na kampuni vinaweza kukubaliana kwa maandishi kwamba rekodi zibaki kwenye kompyuta za chuo, modeli ipelekwe huko, wewe uiendeshe, na kinachorudi kampuni kiwe ni hesabu ya makosa tu: ni maneno gani modeli huyakosea, wapi, na kwa nini. Hata hili lingepaswa kupita kwa kamati ya maadili, na kampuni inaweza kukataa kuitoa modeli yake nje, kwa hiyo si njia nyepesi. Lakini inakaribiana zaidi na kile ulichowaambia wazee, na inaweza kuzaa makala.

Au mwanzo wa kazi unaweza kuwa data iliyokwisha kutolewa kwa ridhaa pana. Mradi wa Common Voice wa Mozilla, unaokusanya sauti za watu wanaojitolea, unacho Kiswahili, na waliojitolea sauti zao walijua kwamba zitakuwa wazi kwa yeyote. Unajua upungufu wake: sehemu kubwa ni sentensi zinazosomwa, na mtu anayesoma hazungumzi kama mtu anayesuka dema. Ila pengo hilo lenyewe, kati ya Kiswahili cha kusomwa na cha barazani, ni swali la utafiti ambalo wewe unaweza kulieleza vizuri kuliko yeyote aliye katika timu hiyo. Na sauti yako mwenyewe ni yako. Ujuzi wako wa matamshi ya Kimtang'ata uko kichwani mwako, nao hauhitaji dole gumba la mtu.

Njia ya mwisho ni ile ambayo rafiki yako Mkenya anakusukuma kwayo, ya kuzileta tu na kutazama mbele. Sitaki kuiruka kana kwamba haipo, kwa kuwa ina faida za kweli: matokeo ya haraka, jina lako mwanzoni mwa makala, na pengine Kiswahili cha pwani kusikika vizuri zaidi ndani ya programu itakayofika Tanga. Hatari zake nazo zipime. Makala yoyote itabidi iseme data imetoka wapi, na mtu yeyote akiuliza juu ya ridhaa, atakayejibu ni wewe. Chuo kinaweza kuhesabu kwamba umevunja idhini ya utafiti, na hilo linaigusa tasnifu yako moja kwa moja. Kampuni yenyewe inaweza kujikuta na data isiyo na haki nayo, ikalazimika kuiacha kazi nzima. Tena habari husafiri; mtoto wa mwenyekiti wa kijiji naye ana simu.

Nikirudi kwa mama yako mdogo, hoja yako imenigusa. Ni kweli kwamba woga wa watafiti unaweza kuwaacha watu wetu nje ya teknolojia huku wao wakisifiwa kwa uadilifu wao. Lakini jiulize: je, programu hiyo ikikamilika, itamfikia? Itafanya kazi kwenye simu ya bei yake, kwa bando lake, kwa mambo anayoyahitaji? Kama msimamizi wako anaweza kukujibu hilo, una kitu cha kuwapelekea wazee. Kama hawezi, basi bado haijaonekana kwamba kuzizuia rekodi kunamnyima mama mdogo chochote. Kule New Zealand, kituo cha redio cha Wamaori, Te Hiku Media, mwaka 2018 kiliwaomba watu wake wasome sentensi, wakapata zaidi ya saa 300 za sauti katika siku 10. Makampuni ya nje yalipozitaka, walikataa, wakajenga wenyewe mfumo wa kutambua usemi wa Kimaori, na wakaweka leseni yao inayosema data hiyo inatunzwa kwa manufaa ya jamii iliyoitoa. Hawakulazimika kuchagua kati ya lugha yao kuachwa nyuma na sauti zao kwenda zisikojulikana. Walikuwa na vitu ambavyo wewe huna leo: kituo chao cha redio, wataalamu wao, na jamii iliyokwisha kujipanga. Nakutajia habari yao ili usiamini kwamba milango ni miwili tu, na kwamba kampuni hii ndiyo njia pekee ya kumfikia mama mdogo.

Kuhusu kikao, nahisi unamwogopa msimamizi wako kuliko alivyokupa sababu. Alikuomba kwa upole. Yawezekana hajui fomu ya ridhaa inasema nini, kwa kuwa hujamwonyesha. Makampuni ya utafiti yana wanasheria na watu wa maadili, nao kwa kawaida hupendelea kuijua mipaka ya data mapema kuliko kuigundua baadaye. Ungeweza kumwandikia siku chache kabla, kwa mfano hivi: "Rekodi hizi zilitolewa kwa ridhaa ya matumizi ya chuo pekee, na nimeambatanisha fomu yenyewe. Ningependa tuzungumze ni nini kinawezekana ndani ya ridhaa hiyo, ni nini kingehitaji kuulizwa upya, na ni kazi gani tunaweza kuifanya kiangazi hiki bila kusubiri majibu hayo." Barua ya namna hiyo haikatai wala haikubali. Na namna atakavyoijibu itakuonyesha mengi juu ya mahali unapofikiria kuajiriwa.

Mwisho ni mama. Hujasema kama umemweleza. Najua wazazi wetu wakishaambia mtaa habari njema, mtoto huona haya kuwarudishia habari yenye mashaka. Lakini mama yako ni mtu wa Tanga, anawajua watu wa pwani hiyo na namna wanavyopokea ahadi, na huenda akawa na neno juu ya wazee hao ambalo mimi sina. Mweleze pia juu ya fedha kama zilivyo: kwamba malipo haya ni ya wiki 12, kwamba ada ya mdogo wako ya muhula ujao inahitaji kupangwa kutoka kwenye hayo hayo sasa, na kwamba ajira ya baadaye haijaahidiwa na mtu, ulete rekodi au usilete. Kwa taratibu zilizopo, ukihitimu utakuwa na nafasi ya kuomba kibali cha kufanya kazi katika fani yako kwa miezi 12, na watu wa sayansi kama wewe huweza kuomba nyongeza ya miezi 24, kwa hiyo kampuni hii haitakuwa ya mwisho kukutazama.

Kikao kikishapita, niandikie. Ningependa kujua msimamizi wako amejibu nini, na kama umempigia simu yule rafiki uliyemnyamazia.

Mama Mshauri